Gari dogo la kifahari la dizeli: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Nakuru, Kisumu na Magharibi

Majibu haya ni ya mtu anayewaza kununua Mercedes-Benz ya C au E, BMW ya Series 3 au 5, Audi A4 au A6, yenye injini ya dizeli, na atakayeliendesha gari hilo upande wetu huu: kutoka Nakuru kushuka ziwani, kupanda Kakamega, hadi Busia na Malaba. Mimi ninaishi Nakuru na ninaendesha Mercedes E 250 CDI. Mengine nimeyapata kwa wenye magari wenzangu wa Kisumu, Kakamega na Eldoret. Nayapenda magari haya. Pia nimeona watu wakiyauza kwa hasara baada ya miezi michache, na karibu kila mara sababu ilikuwa moja: safari zao hazikulingana na gari walilonunua.

Kwa nini dizeli, ilhali yadi zimejaa petroli?

Kwa sababu ya milima yetu. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru kama 1,850, na ukipita Mau Summit kuelekea Eldoret utafika Timboroa, ambako ni zaidi ya mita 2,700. Injini ya petroli isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa kuwa hewa inazidi kuwa nyepesi. Dizeli hizi zote zina tabo, ile feni inayosukumia injini hewa, kwa hiyo mlima hauzisumbui sana.

Jambo la pili ni pale nguvu inapopatikana. E 250 CDI ina nguvu ya farasi 204, lakini kinachokubeba ni msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha magurudumu, wa Nm 500 unaopatikana kuanzia mizunguko 1,600 hivi kwa dakika. Ukiwa nyuma ya lori la mafuta kwenye mpando wa Kericho, ukapata nafasi ya kupita, gari linaondoka bila kupiga kelele na bila kushusha gia tatu. Unamaliza kulipita mapema na kurudi upande wako. Katika barabara ya njia mbili ambamo matatu, malori na pikipiki vinagombea nafasi ileile, mimi nauhesabu huo kuwa usalama kuliko starehe.

Na ukishuka Sachang'wan kuelekea Salgaa, ambako malori yasiyo na breki yameua watu wengi, chagua gia kwa mkono na uiache injini ishikilie gari. Dizeli peke yake haizuii sana, lakini giaboksi za magari haya zikiwekwa gia ya chini hukusaidia usichome breki.

Linakula mafuta kiasi gani kwa kweli?

Barabara kuu, ukienda kwa kasi ya kawaida, wenye BMW 320d na 520d na Mercedes E 220 d wengi hupata kilomita 15 hadi 18 kwa lita. Mjini, kwa msongamano wa Kondele au wa katikati ya Nakuru, hushuka hadi 10 au 12. Tangi la BMW 520d ya umbo la F10 hubeba lita 70, kwa hiyo mtu hujaza Kisumu na kufika Mombasa bila kuongeza. Bei za pampu hutangazwa na EPRA tarehe 14 ya kila mwezi, na kwa kawaida dizeli huwa chini kidogo ya petroli. Lakini usinunue gari hili kwa ajili ya tofauti hiyo. Nozo moja ya injini, yaani kifaa kinachonyunyizia dizeli ndani ya silinda, ikiharibika, akiba ya miezi mingi inakwenda.

Ninaishi Kisumu na safari zangu ni fupi: nyumbani Milimani, kazini, shuleni kwa watoto, basi. Gari hili linanifaa?

Hapana, kama hizo ndizo safari zako zote. Swali hili ndilo kubwa kuliko yote, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu.

Dizeli za kisasa zina kichujio cha masizi kwenye bomba la moshi, kile ambacho mafundi hukiita DPF. Kazi yake ni kuyanasa masizi yasitoke hewani. Masizi yakijaa, kompyuta ya gari huyachoma: hudunga dizeli ya ziada ili joto ndani ya kichujio lifike karibu nyuzi 600. Kazi hiyo inahitaji injini iliyokwisha kupata moto na mwendo usiokatizwa kwa dakika 15 au 20. Ukiendesha kilomita nne, ukazima, ukaendesha tatu, ukazima, kuchoma huko huanza na kukatizwa kila siku. Masizi yanabaki. Vibaya zaidi, dizeli ile ya ziada isiyoungua huteremka kando ya pistoni na kuchanganyika na oili. Oili inakuwa nyepesi na kipimo chake kinapanda. Mtu akiona oili imezidi alama ya juu hufurahi kwamba injini haili oili, kumbe vyuma vinasagana.

Dalili za gari linalojichoma ni rahisi kuzijua ukizizoea. Injini ikiwa imetulia huzunguka kwa kasi kidogo kuliko kawaida, kipimo cha ulaji mafuta kinapanda ghafla, unasikia harufu ya moto, na ukizima feni inaendelea kuvuma. Ukiziona, usizime. Endelea na safari hadi zitulie.

Anayeishi mjini lakini ana sababu ya kwenda mbali kila wiki anaweza kuishi vizuri na dizeli. Wenye magari wa Kisumu ninaowafahamu hutoka mara moja kwa wiki hadi Awasi, au wanapanda Kericho. Wa Nakuru huenda Gilgil au Mau Summit. Kama huna safari ya namna hiyo, na ya kubuni utaichoka, nunua petroli au haibridi. Nalisema hili nikijua kwamba wauzaji hawatakuambia.

Fundi anasema tukitoe hicho kichujio, tufute na kompyuta. Nikubali?

Mimi nakataa, na namwomba kila mtu akatae. Kichujio kikitolewa, masizi yote yanaingia mapafuni mwa mama anayeuza mboga kando ya barabara na mwanafunzi anayetembea kwenda shule. Tena, mara nyingi kichujio kilichoziba si ugonjwa bali ni dalili: kuna nozo inayovuja, vali ya EGR (inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini) iliyokwama au bomba la tabo lililopasuka, na moshi umezidi. Ukikitoa, taa imezimika na ugonjwa umebaki. Kichujio kinaweza kuoshwa na mashine maalumu au kuchomwa kwa amri ya kompyuta ya fundi. Tafuteni kwanza chanzo cha masizi.

Dizeli yetu ina ubora wa kutosha kwa injini hizi?

Kuanzia Januari 2015 Kenya ilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Kabla ya hapo ilikuwa 500. Ulaya hutumia 10. Kwa hiyo tumesogea karibu, na magari haya yanafanya kazi hapa, ila usifuate ratiba ya oili ya Ulaya ya kilomita 25,000 au zaidi. Badilisha kila 8,000 hadi 10,000. Oili iwe ile ya majivu machache inayotakiwa na kichujio: 229.51 au 229.52 kwa Mercedes, Longlife-04 kwa BMW, 504/507 kwa Audi na Volkswagen. Namba hizo zimeandikwa nyuma ya mtungi. Fundi akikuambia oili yoyote ya dizeli ni sawa, nunua mwenyewe umpelekee.

Hatari iliyobaki ni uchakachuaji. Tozo ya mafuta ya taa iliyowekwa mwaka 2018 ilipunguza faida ya kuyachanganya na dizeli, lakini si busara kujaribu bahati. Jaza kwenye vituo vyenye wateja wengi, omba risiti, na usiguse dizeli ya mitungi inayouzwa kando ya barabara kuu karibu na wanakolala madereva wa malori. Badilisha filta ya dizeli mara nyingi kuliko kitabu kinavyosema.

Nifanye nini nikijaziwa petroli kimakosa?

Usiwashe gari. Hata kufungua tu swichi huwasha pampu ya ndani ya tangi kwenye magari mengi. Sukumeni gari kando, tangi likaushwe, lisafishwe, filta ibadilishwe.

Hili hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mhudumu wa pampu akiona gari dogo linang'aa, mkono wake huenda kwenye petroli wenyewe. Pampu ya presha ya injini hizi hulainishwa na dizeli yenyewe. Petroli haina ulaini huo, kwa hiyo vyuma vya pampu hukwaruzana na vipande vyake husafiri hadi kwenye nozo. Gharama yake inaweza kukaribia ya injini. Mimi hushuka kila mara, nasema "dizeli" kabla kifuniko hakijafunguliwa, na nasimama hapo hadi pampu ianze. Bandika karatasi ya dizeli kwenye mlango wa tangi, na umwambie kila unayemwazima gari.

Injini zipi nitafute, na zipi niziogope?

Kwa BMW, injini inayotajwa kwa uchungu ni N47, iliyoanza 2007. Cheni yake ya taimingi, ile inayofanya vali na pistoni ziende pamoja, iko nyuma, upande wa giaboksi. Ikilegea husikika kama mnyororo unaokwaruza, na kuibadilisha kunataka giaboksi au injini ishushwe. Za miaka ya mwanzo ndizo zenye sifa mbaya zaidi. Kuanzia 2014 B47 ilishika nafasi yake, nayo ni bora. Mwaka 2018 BMW iliyaita magari zaidi ya milioni 1.6 ya dizeli duniani kwa sababu ya kipoza-moshi cha EGR kinachoweza kuvuja na kusababisha moto. Ukiwa na namba ya chesisi, muulize wakala wa BMW kama gari unalolitaka lilirekebishwa.

Kwa Mercedes, OM651 ya sentimita za ujazo 2,143 ndiyo iliyo kwenye E 220 na E 250 CDI nyingi za humu nchini. Matoleo ya mwanzo yalisumbua kwa nozo, na cheni yake pia iko nyuma. Ukisikia mkwaruzo asubuhi gari likiwa baridi, ondoka. Iliyotunzwa, hata hivyo, huenda mbali sana. OM654 ilianza na E 220 d ya mwaka 2016: nguvu ya farasi 194, msokoto wa Nm 400, na utulivu ambao abiria wako hawatajua kuwa ni dizeli.

Audi za dizeli ya lita mbili hutumia mkanda wa taimingi badala ya cheni. Mkanda una ratiba yake, na muuzaji asiye na karatasi ya kuonyesha ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haujabadilishwa.

Wengi huniuliza pia kuhusu Mazda Atenza ya dizeli ya lita 2.2, ambayo inakuja kwa wingi kutoka Japani. Inaendeshwa vizuri na spea zake ni rahisi kidogo, lakini hukusanya kaboni haraka kwenye njia za hewa ikitumiwa mjini tu. Tumerudi kwenye swali la Kisumu Milimani.

Nilitoe Japani, Uingereza, au ninunue lililokwisha kutembea hapa Kenya?

Sheria inakataza gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Mwaka 2025, kwa mfano, mwisho ulikuwa la 2018. Maana yake ni kwamba magari yanayoingia sasa huja na injini za kizazi kipya, na N47 au OM651 za zamani utazikuta zaidi kwa wenyeji.

La Uingereza kwa kawaida ni rahisi kulichunguza. Magari ya kule hukaguliwa kila mwaka yakishafikisha miaka mitatu, na historia ya ukaguzi huo, pamoja na umbali uliosomwa kila mwaka, inaonekana bure kwenye tovuti ya serikali yao ukiwa na namba ya usajili. Aliyerudisha mita nyuma anaonekana hapo hapo. Kumbuka tu kwamba mita yake ni ya maili: 80,000 si kilomita 80,000, ni karibu 129,000. Na pita chini ya gari na tochi, kwa sababu chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa barafu hula vyuma.

La Japani kwa kawaida huwa safi chini na limetembea kidogo, lakini "kidogo" kwa dizeli si lazima iwe sifa. Gari lililotembea kilomita 40,000 ndani ya Tokyo lina kichujio kilichochoka kuliko lililotembea 120,000 kwenye barabara kuu. Skrini inaweza kuwa ya Kijapani na redio isifikie stesheni zetu nyingi. Usishangae ukiona 523d: ni jina la Japani la 520d, injini ni ileile ya lita mbili.

La humu nchini, ukilijua lilikotoka, ndilo ningemshauri ndugu yangu alinunue. Mtu wa Eldoret aliyekuwa akienda Nairobi kila wiki, mwenye risiti za oili na fundi mmoja unayeweza kumpigia simu, amekufanyia utafiti wote.

Ushuru unahesabiwaje, na kwa nini watu wanazikwepa za lita tatu?

Kwa viwango vilivyoanza Julai 2023, ushuru wa forodha ni asilimia 35. Juu ya jumla hiyo huwekwa ushuru wa bidhaa: asilimia 25 kwa dizeli iliyozidi cc 1,500, lakini ikizidi cc 2,500 ni asilimia 35. Kisha VAT ya asilimia 16 juu ya yote. Tuchukue gari lenye thamani ya forodha ya shilingi milioni moja. Likiwa la lita mbili, kodi hizo tatu ni shilingi 957,500. Likiwa la lita tatu, kama 530d au E 350 d, ni 1,114,100. Kisha kuna tozo ya reli na ada ya tamko la uagizaji. Na thamani hiyo hupangwa na KRA kwa orodha yake, si kwa risiti uliyolipia, kwa hiyo bei nzuri uliyoipata mnadani haikupunguzii kodi.

Injini ya lita tatu ya silinda sita ni tamu, sikatai. Kwa barabara zetu na kasi tunazoruhusiwa, lita mbili inatosha.

Nikague nini kabla ya kulipa?

Mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Shika boneti: iwe baridi. Washa mwenyewe, simama pembeni usikilize cheni kwa sekunde za kwanza. Moshi mweusi mzito, wa buluu au mweupe usiokwisha, kila mmoja una hadithi yake, na hakuna hata mmoja wa kuupuuza. Tazama kipimo cha oili, kwa sababu niliyoieleza juu. Vaa glovu ushike ndani ya bomba la moshi. Gari lenye kichujio kizima halina masizi mengi hapo. Likiwa na masizi tele, kichujio kimetolewa au kimepasuka.

Kisha peleka gari kwa fundi mwenye kompyuta inayosoma gari la aina hiyo, si kile kifaa kidogo cha kila gari. Aangalie kiasi cha masizi na majivu ndani ya kichujio, marekebisho ya kila nozo, na lini gari lilijichoma mara ya mwisho. Muuzaji akikataa hilo, tafuta gari jingine. Giaboksi nayo: wengine husema oili yake ni ya maisha yote, lakini ZF, watengenezaji wa giaboksi ya BMW ya gia nane, wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000.

AdBlue ni nini, na inapatikana huku?

Ni maji ya urea yanayosafisha moshi, yana tangi lake lenye kifuniko cha buluu. Usiyachanganye na dizeli kamwe. Malori mapya huyatumia, kwa hiyo wauzaji wa mafuta na spea za malori katika miji yetu huyaagiza. Yakiisha kabisa gari litakataa kuwaka, basi jaza taa ya kwanza ikitokea.

Barabara zetu na matuta je?

Epuka umbo la spoti, yaani M Sport na AMG Line. Limeshushwa kidogo na rimu zake ni kubwa, na matuta yasiyochorwa rangi kati ya Chavakali na Kakamega hayakusamehe. Rimu za inchi 16 au 17 zenye tairi nene zinakufaa zaidi kuliko za 19. BMW nyingi huja na tairi ngumu zinazoweza kutembea bila upepo, na hivyo hazina tairi la akiba. Shimo moja linaweza kupasua rimu nawe huna cha kubadilisha usiku. Wenye BMW wengi huku wamehamia tairi za kawaida na kubeba la akiba kwenye buti.

Mwishoni mwa wiki tunakwenda mashambani, kwa mazishi au harusi, gari likiwa na watu watano na mizigo, na barabara ya murram imenyeshewa. Nenda polepole, na upite juu ya sehemu zilizoinuka, si ndani ya mifereji iliyochimbwa na matairi ya malori. Nyando ikifurika na maji yakafunika barabara Ahero au tambarare za Kano, subiri. Njia ya hewa ya magari haya iko chini, na maji yakiingia ndani ya silinda hayabanwi: pistoni inapinda mkono wake na injini imekwisha.

Nitapata fundi Nakuru au Kisumu?

Utampata, ila mtafute kabla ya gari. Miji yote miwili ina mafundi waliokomaa katika Mercedes, na wachache zaidi wa BMW na Audi. Muulize fundi amewahi kushusha injini ya namna yako na ana programu gani ya kusomea. Spea nyingi hutoka Nairobi kwa basi la usiku na kufika asubuhi. Bandia ni nyingi, hasa filta, sensa na nozo zilizopakwa rangi upya. Nozo mpya lazima kompyuta iandikiwe namba zake. Fundi asiyelijua hilo asiguse gari lako.

Nikitaka kuliuza baadaye?

Litachukua muda kuliko Toyota. Wanunuzi wa huku wanaogopa dizeli ndogo, na woga huo ndio uliokupatia bei nzuri wakati wa kununua. Kinacholiuza ni faili: risiti za oili, karatasi ya kompyuta ya karibuni, tarehe ya oili ya giaboksi. Kabla ya kupokea pesa au kuzitoa, fanyeni utafutaji wa gari kwenye akaunti ya NTSA ndani ya eCitizen, muone jina la mwenye gari na kama kuna benki iliyosajiliwa naye. Uhamisho ufanywe hapo hapo mkiwa pamoja, kila mmoja akikubali kwa akaunti yake, na funguo zote mbili zitolewe. Funguo ya pili ya magari haya ni ghali, na muuzaji anayesema aliipoteza apunguze bei.